Watu wa Bhalsara

Kabla mambo hayajaharibika, Girdhari aliwahi kumchorea Famau kijiji cha kwao kwa chaki.

Ilikuwa kiangazi, joto la Dubai limewafukuza wateja wote wa Satwa, na mafundi wamekaa dukani hawana la kufanya ila kusikiliza kiyoyozi kikikoroma. Famau alikuwa mkata vitambaa wa duka lile, mtu wa Lamu, mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Juu ya meza yake palikuwa na kipande cha kitambaa cheusi. Girdhari, fundi cherehani wa Kihindi aliyekaa naye dukani humo miaka na miaka, akachukua chaki akaanza kuchora.

"Hiki ni Bhalsara," alisema. "Hapa juu, penye mwinuko, wanakaa wenye ardhi. Nyumba zao za mawe. Hapa hekalu, na makuhani wake. Hapa wachuuzi wa nafaka. Hapa katikati ndipo kwetu: wafinyanzi, vinyozi, mafundi nguo kama mimi. Sisi tunaingia nyumba za wakubwa, lakini hatupiti ukumbini." Akavuta mstari mrefu uliopinda. "Hili ni korongo. Na ng'ambo ya korongo wanakaa watu wa ngozi, wanaochuna mizoga. Wana kisima chao."

"Mbona umewatupa mbali hivyo?"

"Upepo, Famau bhai," alisema, akimwita ndugu kwa lugha yake kama alivyozoea. " Kwetu upepo unatoka juu kwenda chini. Harufu yao haiturudii."

"Na nani aliwapanga?"

"Hakuna aliyewapanga. Mtu anazaliwa, anajikuta yuko pale."

Famau alicheka. Hakucheka kwa dharau, bali kwa kuwa hadithi ile aliijua. Yeye mwenyewe alizaliwa Langoni, mkewe Rukiya alizaliwa Mkomani, na Lamu yote inajua umbali uliopo kati ya mitaa hiyo miwili, ingawa mtu huuvuka kabla sigara haijaisha. Alipopeleka posa, wajomba wa Rukiya walisema yeye si kufu ya binti yao. Ndoa ilifungwa hatimaye, wakamzaa Ghada, lakini mjomba mkubwa alikufa bila kuonja hata maji nyumbani kwao.

"Na Kishan je?" Famau aliuliza. "Si na yeye anatoka kwenu? Yuko wapi hapo?"

Nyuma ya duka, Kishan alikuwa akipiga pasi sare za hoteli, mvuke umemfunika uso. Alikuwa kijana mpole, asiyekosa tabasamu. Girdhari aliweka nukta moja ng'ambo ya korongo, kisha akafuta kijiji kizima kwa kiganja.

Watu wa Bhalsara walikuwa wengi Dubai. Mmoja alimvuta ndugu yake, ndugu akamvuta jirani, hadi kijiji kikawa kimehamia nusu. Walikuwamo madereva, wapishi, mafundi wa viyoyozi, wauza mboga. Walio wengi walipanga nyumba moja kuukuu Al Twar, na Ijumaa walikusanyika humo hata wale waliokaa kwingine. Kishan hakuwahi kwenda. Yeye aliishi kivyake, na Famau alidhani ni hiari yake tu.

Kumbe Kishan alikuwa na siri, na siri hiyo Famau aliijua kwa mlango wa nyuma, kwa mkewe.

Rukiya alifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno, Jumeirah Village Circle. Pamoja naye alikuwapo muuguzi aitwaye Sarita, msichana mrefu mwenye sauti ya chini. Sarita alikuwa binti wa nyumba kubwa kuliko zote za Bhalsara, zile za juu mwinukoni. Baba yake alimsomesha akamwacha aje Dubai, akiamini kwamba macho ya kijiji yako hapa pia. Na kweli yalikuwapo. Lakini Sarita na Kishan walikutana kwenye foleni ya basi, wakasikia kila mmoja lafudhi ya mwenzake, na pale ambapo nyumbani wasingethubutu hata kutazamana, hapa walianza kuzungumza. Baada ya mwaka walioana kwa wakili. Rukiya alikuwa miongoni mwa mashahidi. Walipanga studio ndogo karibu na kliniki, wakaishi kama watu wengine.

"Wewe hukuogopa?" Famau alimuuliza mkewe jioni ile aliyoambiwa.

"Niogope nini? Mimi si niliolewa na wewe?"

Wakacheka wote wawili.

Mambo yalianza siku fundi wa viyoyozi, mtu wa Bhalsara, alipoitwa kutengeneza mtambo katika jengo la studio yao. Lifti ilifunguka. Ndani walikuwamo Sarita na Kishan, mifuko ya sokoni mikononi, na mkufu wa ndoa shingoni mwa Sarita. Fundi aliwaamkia kwa adabu. Wakamwitikia. Akashuka kwa ngazi.

Siku chache baadaye mwanamume mmoja aliingia dukani Satwa na suruali mkononi. Alitaka ipindwe. Famau aliipima, akaona urefu uko sawasawa.

"Hii haihitaji kupindwa, bwana."

"Basi," alisema yule mtu. Lakini hakuondoka. Alisimama akitazama nyuma ya duka, kwenye pasi. Kishan aliinua macho, akayarudisha chini. Yule mtu akaondoka.

Kesho yake walikuja wawili. Hawakuleta nguo. Waliomba maji, wakanywa, wakatazama, wakashukuru. Keshokutwa alikuja mwingine, dereva, akaegesha gari mbele ya duka akakaa ndani yake asubuhi nzima, kioo kimeshushwa. Hakuna aliyetukana wala kupandisha sauti. Wangegombana, Famau angejua la kufanya. Ukimya wao ndio uliomtisha.

Girdhari alikuwa mtu wa kuimbaimba akishona. Aliacha kuimba. Kisha Famau akaona jambo jingine. Dukani walikuwa na birika moja la chai na vikombe vya chuma, kila mtu akiokota chochote. Asubuhi moja kikombe kimoja kilikuwa kimetengwa peke yake kando ya sinki, na kwenye mkono wake kimefungwa uzi mwekundu.

Kishan alikuja kunywa chai. Akakiona. Alikaa akikitazama muda, kama mtu aliyekutana na jamaa aliyemdhania amekufa. Kisha akafungua bomba, akanywa maji kwa viganja, akarudi kwenye pasi yake.

"Nani kafanya hivi?" Famau aliuliza kwa sauti.

Cherehani ya Girdhari haikusimama.

"Girdhari, nakuuliza wewe."

"Famau bhai," Girdhari alisema bila kuinua kichwa, "mke wangu na wanangu wako Bhalsara. Kiwanja tulichojengea ni cha wenye ardhi. Maji ya shamba ni yao. Nikiambiwa funga uzi, nafunga."

Wiki hiyohiyo Famau alialikwa Al Twar kwa chakula cha Ijumaa. Mwaliko uliletwa na Girdhari, aliyeutoa kama mtu anayetema mfupa. Famau alitaka kukataa. Lakini alifikiri, nisipokwenda sitajua wanapika nini, akaenda.

Sebule ya nyumba ile ilikuwa ndefu, na watu wamejaa. Tangu mlangoni Famau aliona kitu ambacho bila ule mchoro wa chaki asingekiona. Mwisho wa chumba, juu ya magodoro yenye mito, walikaa wachache wenye mashati yaliyonyooshwa. Mbele yao, kwenye zulia, wengine. Katikati, kwenye mkeka, akina Girdhari. Karibu na mlango, penye viatu, hapakuwa na mtu. Hawa walikuwa madereva na wapishi, wamepanga foleni moja uwanja wa ndege na wanalala kwenye vitanda vya chuma vya aina moja, lakini kila mmoja alikwenda kukaa mahali pake bila kuelekezwa, kama maji yanavyojua mteremko.

Famau hakujua akae wapi. Alianza kuinama akae mkekani kwa Girdhari, ndipo sauti ikamwita kutoka magodoroni.

"Hapana, hapana. Mgeni wetu akae hapa."

Aliyemwita alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwembamba, masharubu yamechongwa vizuri. Alimpisha Famau, akamwekea mto mgongoni kwa mikono yake mwenyewe. Jina lake Raghuveer. Alikuwa ametua Dubai juzi kwa viza ya matembezi. Alikuwa kaka mkubwa wa Sarita.

Walikula. Raghuveer alimmiminia maji, akamuuliza habari za Lamu, samaki, mvua, wazazi. Chumba kizima kilikula kimya kikisikiliza.

"Una dada, Famau bhai?"

"Ninao."

"Ukimpenda dada yako, utafanya nini akipotea?"

"Nitamtafuta."

"Umenena." Raghuveer alifuta vidole kimoja kimoja. "Mama yetu anaumwa. Hana siku nyingi. Baba amesema yaliyopita yamepita, waje wote wawili, mtoto wetu na huyo aliyemchagua. Kutakuwa na karamu uani kwetu. Tiketi zipo tayari. Lakini dada yangu anasitasita, na mke wako ni rafiki yake mkubwa. Mnakaa hapa nyuma ya msikiti wa Satwa, au nimekosea? Jengo lenye duka la dawa chini?"

Famau alirudisha tonge sahanini. Hakuwa amemwambia mtu yeyote mule anakoishi.

"Mwambie amtie moyo tu," Raghuveer alisema kwa upole. "Safari njema ni ya kusindikizwa."

Famau aliporudi nyumbani alimkuta Rukiya ameketi na simu mapajani, uso umechangamka.

"Baba Ghada, una habari? Wamesamehewa! Sarita kanipigia analia kwa furaha. Wanaondoka Jumapili mchana, kaka yake anawachukua kwa gari. Na Kishan ndiye anayemhimiza."

"Kishan anamhimiza?"

"Anasema baba yake amepeleka viatu katika nyumba ile miaka yote na hajawahi kuvuka kizingiti, akiviacha nje. Sasa yeye ataketi uani kama mkwe. Hajalala kwa furaha."

Famau alikaa chini. Akamsimulia: watu waliokuja kutazama, kikombe chenye uzi, mahali patupu penye viatu, na Raghuveer kujua nyumba yao. Tabasamu la Rukiya likafifia kadiri alivyosikia.

"Wajomba zangu nao walikataa," alisema mwisho, kama anayejibembeleza. "Wakaja kukubali."

"Wajomba zako walinuna, Mama Ghada. Hawa wananoa."

Jumamosi duka lilipofunguliwa, Famau alivuta kiti akakiweka mbele ya cherehani ya Girdhari, karibu hivi kwamba magoti yao yaligusana.

"Kesho wanasafiri," alisema. "Niambie neno moja tu. Wakifika, watakula karamu?"

Girdhari alikanyaga cherehani. Sindano ilitembea mpaka kitambaa kikaisha, ikaendelea kutoboa hewa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Zamani palitokea jambo kama hili," alisema polepole. "Mimi nilikuwa mdogo. Hao pia waliitwa karamu." Akaondoa mguu kwenye cherehani. "Usiwaache wapande ndege, Famau bhai. Na mimi sijasema kitu."

Siku hiyo Kishan hakuja kazini. Simu yake ilikuwa imezimwa, na ya Sarita inaita bila kupokewa. Jumapili asubuhi Famau na Rukiya walichukua teksi hadi Jumeirah Village Circle. Waliwakuta wenyeji wao wamevaa nguo mpya, mabegi mawili mlangoni. Kishan alikuwa amenyoa, amepaka mafuta nywele, shati jeupe limepigwa pasi na mtu anayeijua kazi hiyo. Aliwakumbatia.

"Mmekuja kutusindikiza!"

Famau alisema aliyokuja kuyasema. Hakumtaja Girdhari. Kadiri alivyosema ndivyo uso wa Kishan ulivyofunga.

"Wewe unafikiri mimi sikuona kikombe?" Kishan aliuliza. "Nimekunywa mbali na watu tangu nizaliwe. Sasa mlango umefunguliwa mara moja, mara moja tu, na wewe unaniambia nisiingie?"

"Ninakuambia usiingie hapo."

"Kwa sababu gani? Kwa sababu ya watu waliotazama?"

Rukiya alimgeukia Sarita. "Mdogo wangu, umezungumza na mama yako?"

"Amelala, hawezi kusema. Kaka ananionyesha picha."

"Na wewe, Kishan, umezungumza na wazazi wako?"

Kishan alisita. "Simu yao haipatikani. Huko mtandao ni mbovu."

"Hakuna mtu mwingine wa kumpigia? Asiye wa nyumba ya huyu wala ya yule?"

Sarita alifikiri. Alikuwapo mke wa mfinyanzi, mama mmoja aliyempenda tangu utotoni. Wafinyanzi huuza vyungu juu na huuza chini, miguu yao haina mpaka. Sarita akampigia, akaweka sauti nje ili wote wasikie. Simu iliita sana. Kisha sauti ya mwanamke, kwa mnong'ono.

Walizungumza lugha yao, na Famau, aliyekuwa amekaa na Wahindi muda mrefu, alifuata. Sarita aliuliza hali ya mama. Yule mwanamke alishangaa. Mama yako? Nimemwona leo akianika pilipili. Mzima, lakini hasemi na mtu, anafanya kazi kama mashine. Sarita akamuuliza kama kuna karamu. Mwanamke akauliza, Kishan yuko hapo?

"Nipo, mama."

"Mwanangu, ng'ambo ya korongo hakuna mtu. Walishuka wanaume kutoka juu na magongo. Watu wenu wamekimbia wote, wazee na watoto. Baba yako alibebwa mgongoni. Moto haujazimika vizuri mpaka leo. Sisi tumeambiwa atakayekupigia simu na yeye atafuata." Akaanza kulia. "Msije. Hata mkisikia nimekufa, msije."

Simu ikakatika.

Hakuna aliyesogea. Kishan alibaki ameshika mkono wa begi. Kisha akakaa sakafuni na shati lake jeupe, akatoa sauti ambayo Famau hakuwahi kumsikia mtu mzima akiitoa. Sarita alimfunika kichwa kwa mikono yake.

Chini, honi ililia mara moja, kwa adabu. Simu ya Sarita ikaonyesha ujumbe: Dada, tuko hapa. Msiharakishe.

Famau alichungulia. Magari mawili, si moja. Raghuveer alisimama kando ya la mbele, mikono nyuma, akitazama juu madirishani. Karibu yake alikuwa yule dereva aliyekaa mbele ya duka, na wengine, wale wa magodoroni na wale wa zuliani.

"Kuna njia nyingine?" Famau aliuliza.

Walishuka kwa ngazi hadi maegesho ya chini. Mlinzi wa pale alikuwa Gerishom, Mkenya wa Vihiga, aliyezoea kunywa chai na Rukiya. Rukiya alimwambia kwa maneno machache. Gerishom hakuuliza sana.

"Pitieni huku kwa mlango wa taka," alisema. "Na hao wa juu wakiniuliza, mimi sijaona mtu. Hawa siwafungulii bila polisi."

Waliacha mabegi. Walipita katikati ya mapipa, wakatokea barabara ya nyuma, Sarita akiwa amevaa ushungi wa Rukiya, na teksi ikawachukua. Hawakwenda Satwa, maana Satwa ilikuwa imekwisha kujulikana. Famau aliwashusha kituo cha mabasi ya mikoani. Kishan alitaka kumwambia wanakwenda emireti ipi.

"Usinitajie," Famau alimkatiza. "Nisilolijua silisemi."

Raghuveer alingoja chini ya jengo mpaka alasiri, kisha akaondoka bila fujo. Jumatatu aliingia dukani. Alimsalimia Famau, akakataa kiti.

"Nimekuja kuaga. Narudi nyumbani." Akamtazama Girdhari, aliyekuwa ameinama mpaka pua inakaribia sindano. "Hujambo, fundi? Watoto wako wanakua. Niliwaona kabla sijaja."

Akatoka. Girdhari aliendelea kushona, hata baada ya uzi kukatika. Jioni aliomba ruhusa kwa arbab, mwenye duka, akapanda ndege ya kwanza aliyoipata. Famau hakusikia neno lake mpaka wiki iliyofuata, Girdhari alipopiga simu akiwa mjini huko kwao na mke na watoto, wamejibana kwa shemeji. Nyumba ameiacha, na cherehani ya baba yake humo ndani. Waliondoka alfajiri kwa kupita ng'ambo ya korongo, kwa kuwa upande ule haukulindwa tena.

"Nilikuwa sijawahi kukanyaga kule maisha yangu yote," alisema. "Wana vibaraza vizuri, Famau bhai. Walikuwa wamechora maua ukutani."

Habari za wazee wa Kishan zilipatikana baadaye. Baba yake alikuwa hai, kwa watu wa mbali, mguu umevunjika. Kesi ilifunguliwa kwa polisi wa huko. Waliotajwa walisema siku hiyo walikuwa hekaluni, na hekalu zima likashuhudia.

Huko kliniki, kila siku mtu hupiga simu akimwulizia muuguzi Sarita. Sauti si moja. Rukiya hujibu kwamba ameacha kazi. Wao hushukuru, kisha husema, "Tutampata tu, inshallah dada, usijali," kana kwamba Rukiya ndiye aliyepotelewa. Famau siku hizi humsindikiza mkewe mpaka mlangoni na kumngoja kituoni.

Mara ya mwisho Kishan alipiga kwa namba ngeni. Alipata kazi ya kufua nguo, alisema, na Sarita ana mimba. Wakiulizwa wanatoka wapi, hutaja mji mkubwa wowote. Famau akasikia magari yakipita huko aliko.

"Jana nilikwenda kununua mkate," Kishan alisema. "Mtu mmoja nyuma yangu akaniuliza bei ya vitunguu. Kwa lafudhi ya kwetu. Nikajifanya sikumwelewa, nikaacha mkate pale pale."

"Alikufuata?"

"Hapana. Alitabasamu tu. Famau bhai, tunahama tena leo."

Simu ilipokatika Rukiya alitoka jikoni akifuta mikono.

"Wanakwenda wapi?"

"Hakusema," Famau alijibu. "Wala sikumuuliza."